Selimundu na Malaria: Somo la Kwanza la Epidemiolojia ya Vinasaba

Mama anapoelezwa kwamba mwanawe ana selimundu, mara nyingi swali linaloulizwa nyumbani si la tiba bali la lawama: ugonjwa huu umetoka upande gani? Jibu la kitaalamu ni fupi: umetoka pande zote mbili. Namna ya kulifikia jibu hilo ndiyo kazi ya epidemiolojia ya vinasaba, elimu inayochunguza jinsi urithi na mazingira vinavyoshirikiana kuleta maradhi katika familia na jamii.

Hatua ya kwanza ni kuichunguza familia. Kila mtu hurithi nakala mbili za kinasaba hiki cha himoglobini, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala moja ya selimundu huitwa mbebaji, na kwa kawaida haugui. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa, nusu wa kuleta mbebaji, na robo wa kuleta mtoto asiye na nakala hiyo. Hesabu huanza upya kila mimba. Kuugua kwa mtoto wa kwanza hakumkingi wa pili.

Hatua ya pili ni kuihesabu jamii. Tuseme wabebaji ni watu 20 kati ya kila 100, na watu huoana bila kujua hali zao. Ndoa 4 kati ya 100 zitawakutanisha wabebaji wawili, na robo ya watoto wao watazaliwa wagonjwa. Hivyo, takriban mtoto 1 kati ya kila 100 wa jamii hiyo atahitaji kliniki ya selimundu. Kwa hesabu hii mganga mkuu aweza kupanga huduma.

Hatua ya tatu ni kulinganisha. Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki, akaona wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni wachache nyanda za juu, kama ilivyo malaria yenyewe. Mwaka 1954 alichapisha hoja kwamba kuwa mbebaji humkinga mtu dhidi ya malaria.

Hata hivyo, kufanana kwa ramani si ushahidi kamili. Ndipo watafiti huwalinganisha watoto wenye malaria kali na watoto wasiougua. Tafiti za namna hii, zikiwemo za Kilifi, zimeonyesha kwamba wabebaji ni wachache mno miongoni mwa wagonjwa mahututi. Sharti ni kwamba makundi yote mawili yatoke katika jamii moja. La sivyo, tofauti za asili zitadhaniwa kuwa kinga.

Kinga hiyo ni ya mbebaji, wala si kamili. Naye alale ndani ya chandarua. Mgonjwa wa selimundu hana nafuu hiyo: malaria kwake ni hatari kubwa, na homa yoyote ni sababu ya kumwahisha kituoni.

Ndugu mhudumu, unapotoa majibu, waite wazazi wote wawili. Nawe mzazi, pimeni pamoja. Kinasaba hakichaguliwi na mtu. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa, ila yupo mtoto wa kutunzwa.