Mtambue Dudumizi kwa Sauti Yake



Wakulima wa Tunguu na wa bonde la mpunga la Cheju humsikia dudumizi, yaani tipitipi, lakini wamwonao ni wachache, kwani hujificha ndani ya magugu na vichaka vya kando ya maji. Yafaa basi atambuliwe kwa sikio.

Mlio wake ni "du-du-du" mzito, mfano wa maji yamiminwayo kutoka chupa yenye shingo nyembamba: huanza taratibu, hushuka kwa kasi, kisha hupanda kidogo mwishoni. Husikika zaidi alfajiri na jioni, na mara nyingi dume na jike huitikiana.

Dudumizi hali mpunga. Chakula chake ni panzi, viwavi, konokono, panya na hata nyoka wadogo. Kwa hiyo, mwanachama aonapo magugu yakitikisika asikimbilie jiwe kabla hajasikiliza. Vilevile sumu ya panya itumiwe kwa hadhari. Dudumizi akila panya mwenye sumu, tumempoteza mlinzi asiyedai ujira.

Wazee humwita mtabiri wa mvua. Ni kweli kwamba huzidisha mlio majira ya mvua, azaliapo. Lakini Katibu asigawe mbegu kwa kumtegemea yeye.