Wagonjwa wa mapafu wafunzwe kutumia inhela

Baridi ya Juni na Julai inapoteremka kutoka Mlima Kenya na kutanda Nyeri, Karatina na Nanyuki, wazee wenye maradhi sugu ya mapafu huteseka mno. Baadhi yao hulazwa hospitalini, wakapata nafuu, wakarudi nyumbani, kisha wakalazwa tena. Yafaa tujiulize: kwa nini mgonjwa arudi wodini ilhali dawa ingali mkobani mwake?

Mchukulie nyanya wa kijiji kimojawapo cha Othaya. Tangu usichana wake amepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha. Moshi huo umemharibu mapafu ingawa hajapata kuvuta sigara. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani anakabidhiwa inhela, yaani kile kichupa cha kuvutia dawa kwa mdomo. Muuguzi mwenye wagonjwa tele anamweleza upesi upesi, kisha anamwuliza kama ameelewa. Nyanya, kwa heshima, anaitikia kwa kichwa. Huko nyumbani dawa inaishia ulimini na kooni.

Hakika chombo hiki kina kanuni zake. Kifuniko hutolewa na kichupa kutikiswa. Mgonjwa hutoa pumzi, hubana midomo kwenye chombo, kisha hubonyeza anapoanza kuvuta pumzi polepole na kwa kina. Halafu huizuia pumzi kwa sekunde 10 hivi. Inhela za unga ni kinyume: hizo hutaka pumzi ya kasi na ya nguvu. Anayechanganya kanuni hizi hupoteza dawa.

Wako watakaosema kwamba vifaa vya kumsaidia asiyeweza kubonyeza na kuvuta kwa pamoja ni ghali. Mwaka wa 1999 watafiti wa Cape Town wakiongozwa na Heather Zar walionyesha, katika jarida la The Lancet, kwamba kwa watoto waliobanwa na pumu, chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotengenezwa ipasavyo ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Basi umaskini pekee si kisingizio.

Tusilichukulie jambo hili kuwa dogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba maradhi sugu ya kuziba njia za hewa yaliua watu milioni 3.5 mwaka wa 2021.

Walimu wanaielewa siri ya tatizo hili kuliko wengi. Mwalimu akiuliza darasa, "Mmeelewa?" hujibiwa, "Ndiyo, mwalimu!" na mtihani ukija ukweli hufichuka. Ndiyo maana mwalimu mwema humwita mwanafunzi ubaoni. Hospitali nazo zifanye vivyo hivyo: mgonjwa asitoke wodini kabla hajaonyesha kwa mkono wake jinsi ya kutumia inhela, na kila arudipo kliniki aonyeshe tena, kwani mambo husahaulika.

Nanyi wanafunzi, mkienda likizo, mketi na babu na nyanya zenu. Mwombeni mzee aitumie inhela mbele yenu, na mkiona mashaka mwandamane naye hadi kwa muuguzi. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumwacha mzee ahangaikie pumzi usiku kucha huku dawa iko chini ya mto wake.