Goti jipya linapogoma kukunjika

Anayerudi nyumbani baada ya kubadilishiwa goti hupokewa kwa huruma nyingi. Anawekewa mto chini ya goti, chai analetewa kitandani, na kila mgeni anayekuja kumjulia hali anamsihi asijitese. Huruma hiyo, kwa bahati mbaya, ndiyo inayoweza kumrudisha nyuma.

Katika upasuaji huu, ambao Tanzania hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili na kwingineko, daktari huondoa sehemu zilizolika za mfupa wa paja na wa ugoko. Mahali pake huweka vipande vya chuma, na kati yake plastiki ngumu inayochukua nafasi ya gegedu. Chuma hakina cha kupona. Kinachopona ni nyama, misuli na utando unaozunguka goti, navyo hupona kwa kutengeneza kovu. Goti likitulia mno, kovu hilo hujikaza na kunatisha vitu ambavyo vinapaswa kuteleza.

Ndiyo maana mto chini ya goti una hasara, hata kama unaleta nafuu. Goti hukaa limekunjwa kidogo usiku kucha, nyuzi za nyuma yake hufupika, na baada ya wiki chache mguu haunyooki tena. Asiyenyoosha goti huchechemea, na msuli wa paja huchoka upesi. Msuli huo wenyewe uko taabani: vipimo vimeonyesha kwamba mwezi mmoja baada ya upasuaji unaweza kuwa umepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti libaki likining'inia.

Kukunja nako kuna hesabu zake. Kutembea mahali tambarare kunahitaji goti likunjike takriban digrii 70, kupanda ngazi zaidi ya 80, na kuinuka kitini zaidi ya 90. Choo cha kuchuchumaa kinadai zaidi sana ya hapo, na wengi hawafiki kamwe. Familia itafute kiti cha choo kabla ya siku ya upasuaji, na anayeswali aandaliwe kiti mapema.

Mazoezi yanauma; asiyekiri hivyo anamdanganya mgonjwa. Ila maumivu hayo hupunguzwa: dawa inywewe kama nusu saa kabla ya kuanza, na barafu iliyofungwa kitambaani iwekwe baadaye. Vipindi vifupi mara kadhaa kwa siku vinafaa kuliko kimoja kirefu kinacholivimbisha goti hadi kesho yake.

Ikiwa wiki ya sita imefika na goti halijafikia digrii 90, mgonjwa arudi kwa daktari, asisubiri lijilegeze lenyewe. Anaweza kupewa dawa ya usingizi, kisha daktari akalikunja goti kwa mikono mpaka makovu yaachie. Hufaa zaidi ikifanywa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, kabla kovu halijakomaa, na mazoezi huanza siku hiyohiyo. Naona uchungu kwa wanaokaa kimya wakidhani wamefeli wenyewe. Wapo waliojitahidi kila siku na bado goti likakakamaa, kwa sababu miili ya watu hutofautiana katika kutengeneza makovu.

Uvimbe kiasi na joto kwenye goti huweza kubaki kwa miezi, na ganzi upande wa nje wa kovu ni kawaida. Kuna dalili nyingine zisizongoja. Shavu la mguu likivimba na kuuma, huenda damu imeganda kwenye mshipa; lisikandwe wala kuchuliwa, mgonjwa apelekwe hospitali. Akianza kubanwa pumzi au kuumwa kifua, ni dharura ya papo hapo.

Kidonda kinachoanza kutoa maji au usaha, wekundu unaosambaa, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua huashiria maambukizi. Hapa wengi hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki. Dawa hiyo ikitangulia, wadudu hufichika, na maabara inaweza kushindwa kuwatambua katika majimaji ya goti, huku wakiendelea kujishikiza kwenye chuma. Mgonjwa arudi kwanza kwa waliomfanyia upasuaji, sampuli ichukuliwe, ndipo dawa ianze.