Kitunguu saumu kwenye maji ya njiwa: kinafaa nini, hakifai nini

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Bondo siku moja baada ya Alasiri. "Shikamoo mjomba. Njiwa wangu wanaharisha maji ya kijani. Niwape nini?" Mimi niko Mombasa, nimekaa kibarazani na kahawa yangu, banda silioni wala ndege siwaoni, nikamjibu kama mtu ajuaye: "Tia thomu kwenye maji, mwanangu. Watapoa."

Basi makala haya nayaandika kwa sababu ya jibu lile.

Kwa msomaji asiyeijua Bondo, ni mji wa kaunti ya Siaya, upande wa magharibi wa Kisumu, karibu na fukwe za Ziwa Victoria ambako omena huanikwa juani. Dada yangu ameolewa huko, na mwanawe wa kidato cha tatu alirithi ugonjwa wa ujombani: njiwa. Huku kwetu mtoto aliyekulia Mji wa Kale hahitaji kuelezwa raha ya kusimama juu ya dari jioni ukipiga mluzi, kundi linazunguka mara tatu kisha linatua. Kule Bondo kijana hana chama cha mashindano wala saa za kupimia mbio. Alikuwa na njiwa kumi na wanne, katoni lenye matundu, na urafiki na makanga wa matatu. Katoni likaenda Ndori, halafu Akala, halafu Maseno pale ikweta inapopita, mwisho Kisumu kwenyewe. Kutoka Kisumu hadi Bondo kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 55. Njiwa aliyefunzwa vyema huruka kilomita 60 au zaidi kwa saa kama upepo haumpingi, kwa hivyo ndege akiachiliwa stendi ya Kisumu anaweza kufika nyumbani kabla ya matatu iliyombeba haijajaza abiria wa kurudi. Kijana ananipigia simu kwa furaha kila ndege anapotua. Raha hiyo haina kamari ndani yake, na mimi sioni ubaya wake.

Sasa tuje kwenye thomu yenyewe. Wafugaji wa njiwa wa mbio duniani kote wanaitumia. Ubelgiji ndiyo Makka ya mchezo huu, Mungu anisamehe kwa mfano huo. Huko mwezi wa Novemba 2020 njiwa jike aitwaye New Kim aliuzwa mnadani kwa euro milioni 1.6. Na huko pia utamkuta mzee ana kichwa cha kitunguu saumu karibu na banda lake. Kwa hivyo mtu asiseme hii ni dawa ya kienyeji tu ya maskini.

Nguvu yake iko wapi? Punje ya thomu ikiwa nzima haina harufu kali. Ndani yake mna kitu kiitwacho aliini, na mahali pengine ndani ya punje hiyohiyo mna kimeng'enya kiitwacho alinasi. Viwili hivi vimetengwa, havikutani mpaka punje ipondwe au ikatwe. Vikikutana, huzaliwa alisini, na hiyo ndiyo harufu inayokufuata mpaka kesho yake. Louis Pasteur aliona mwaka 1858 kwamba maji ya kitunguu saumu huzuia bakteria, na mwaka 1944 wanasayansi wawili wa Marekani, Cavallito na Bailey, wakaitenga alisini yenyewe. Katika sahani ya maabara inaua bakteria wa aina nyingi. Hapo hapana ubishi.

Kutokana na kazi hiyo ya kimeng'enya utaelewa makosa mawili tunayoyafanya. La kwanza ni kuitupa punje nzima ndani ya maji, ikaelea humo siku tatu kama boya. Haijapondwa, kwa hivyo alisini ni chache mno. La pili ni kuichemsha. Moto huua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na unachobaki nacho ni mchuzi. Njia nzuri ni kuponda punje moja, kuiacha kwenye kisahani kama dakika kumi ili alisini ipatikane, kisha kuitia katika lita moja ya maji safi na kuchuja. Tumia chombo cha plastiki au cha udongo badala ya bati. Maji hayo ni ya siku hiyo tu, yamwagwe jioni, kwa sababu alisini haidumu na joto la Bondo, kama la Mombasa, huyaharibu maji upesi. Mara moja au mbili kwa wiki yatosha. Wengine hupaka mahindi na mtama mafuta ya thomu badala ya kutia kwenye maji, na hiyo pia ni njia inayotumiwa sana.

Kwa nini mara moja au mbili tu, na kwa nini punje moja? Hapa naomba tupige hesabu kidogo. Njiwa mmoja ana uzito wa kama gramu 400, na kwa siku hunywa kama mililita 50, zaidi jua likiwa kali au akiwa na makinda. Punje ya gramu 4 katika lita moja ina maana kwamba kila ndege anapata sehemu ya gramu 0.2. Inaonekana si kitu. Lakini ilinganishe na uzito wake: ni sawa na mtu wa kilo 70 kula gramu 35 za thomu mbichi, yaani punje nane au tisa kwa siku moja. Hata tukisema nusu tu ndiyo iliyoyeyuka, bado ni punje nne. Halafu kuna wanaoponda kichwa kizima kwa lita moja, kila siku, wakiamini kwamba nyingi ndiyo bora.

Na nyingi ina madhara. Jamii ya vitunguu ina viini vya salfa ambavyo vikizidi huharibu chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana mbwa na paka hawafai kupewa vitunguu. Chembe nyekundu ndizo zinazobeba hewa kwenda kwenye misuli ya mbawa. Njiwa wa mbio ukimpunguzia damu umemfunga jiwe mguuni. Isitoshe, baadhi ya ndege hawaipendi ile harufu, hunusa maji wakayaacha, na njiwa asiyekunywa katika joto hufa upesi kuliko asiyekula. Kwa sababu hiyo ndege anayerudi kutoka safari apewe kwanza maji matupu, safi. Thomu ingoje siku nyingine.

Faida yake kwa ndege mzima ni ipi basi? Tafiti nyingi zimefanywa kwa kuku wa nyama, si kwa njiwa, na hata huko matokeo hayafanani: wengine waliona kuku wanakua vizuri zaidi, wengine hawakuona tofauti. Maoni yangu mwenyewe, baada ya miaka ya kufuga, ni kwamba sehemu kubwa ya faida inayosifiwa hutokana na jambo jingine kabisa. Anayetia thomu analazimika kuosha chombo, kubadilisha maji, na kusimama pale bandani akiwatazama ndege wake wanavyokunywa. Mtu wa namna hiyo ndege wake watakuwa na afya hata akitia maji matupu.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Alifanya nilivyomwambia kwa wiki mbili nzima. Siku ya nne alinipigia kuniambia kwamba kuna ndege anakunywa maji kupita kiasi. Nikamwambia ongeza thomu. Siku ya tisa: "Mjomba, mmoja amepinda shingo, anatazama juu. Akidona mahindi anakosa, anadona pembeni." Hapo kahawa ilinipalia. Nilimwambia amtafute daktari wa mifugo upesi. Alipopatikana, ndege watano walikuwa wamekwisha kufa, na watatu wengine wakafuata.

Daktari alipowaona alisema dalili zinaelekea kwenye kideri cha njiwa. Wafugaji wa kuku wanaujua ugonjwa wa Newcastle, wengine huuita kideri, Tanzania huitwa mdondo. Virusi vyake vina ndugu aliyezoea njiwa, na dalili zake ndizo hizo hasa alizonisimulia kijana kwa simu: kinyesi cha maji ya kijani, kiu isiyo ya kawaida, mbawa au miguu kulegea, shingo kupinda, ndege kudona punje asiipate. Hakuna dawa ya kuviua virusi hivyo ndani ya ndege. Anayeugua hutengwa, husaidiwa kula na kunywa kwa chombo chenye kina ili asihitaji kulenga, na baadhi yao hupona baada ya wiki kadhaa. Thomu haisaidii kitu hapo. Kuna kuua bakteria kwenye sahani, na kuna kuviondoa virusi ndani ya ubongo wa njiwa, na mimi niliyachanganya mawili hayo kwa wiki mbili.

Tulipochunguza chanzo, ikabainika kwamba kijana alinunua njiwa wawili sokoni na kuwatia bandani siku hiyohiyo. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia kwamba mgeni hukaa peke yake wiki tatu au nne kwanza, na chombo chake cha maji. Sikumwambia.

Kile nilichokisema kuhusu Ubelgiji hakijakamilika bila jambo hili: kule mwenye thomu yake mlangoni haruhusiwi kupeleka ndege mashindanoni kama hakumchanja dhidi ya ugonjwa huo. Ni sheria. Sisi tumeichukua ile punje ya thomu, ile sindano tukaiacha.

Sina haki ya kumlaumu anayeiacha, maana najua sababu. Thomu ni ya shilingi chache kila duka. Chanjo ya Newcastle inatengenezwa hapa Kenya na KEVEVAPI na inauzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, lakini kichupa kimoja kina dozi za kuku wengi, na mwenye njiwa kumi na wanne anaona anatupa pesa. Pia lazima ikae baridi mpaka unapoitumia, na ikishachanganywa ni ya saa chache tu. Ulaya wana chanjo zilizotengenezwa kwa ajili ya njiwa hasa. Huku wengi hutumia ya kuku, kwa hivyo muulize daktari ipi ya kumpa njiwa, kwa njia gani, na irudiwe lini. Dawa ya gharama ni jirani. Bondo kila boma lina kuku. Watu watano wakikubaliana siku moja, kichupa kinaisha, na kideri hakipati nyumba ya kujificha. Ikiwa chanjo inatiwa kwenye maji ya kunywa, siku hiyo maji yawe matupu: pasiwe na dawa ya klorini wala thomu, kwa sababu chanjo ya namna hiyo ni virusi hai vilivyodhoofishwa na ukiviua kwenye ndoo umechanja maji.

Kuna ugonjwa mwingine ambao watu huukimbilia kwa thomu, nao ni wa koo. Ndege hali, anatoa harufu mbaya mdomoni, na ukimfungua mdomo unaona utando au uvimbe wa njano kama jibini. Huu ni wa kimelea kidogo sana kiitwacho Trichomonas, na huenea kwenye chombo cha maji wanachoshiriki, au kutoka kwa mzazi kwenda kwa kinda, kwa sababu njiwa hulisha makinda kwa maziwa yanayotoka kooni mwake. Huu una dawa, na daktari ataitaja pamoja na kipimo chake. Ukimpa ndege huyo thomu wiki nzima, ule uvimbe unakua na kumziba. Minyoo ni vivyo hivyo. Peleka kinyesi kikapimwe, ndipo ujue unapigana na nani.

Nimalize na jambo la wenzangu waumini. Ukishaponda thomu, nawa mikono vizuri kabla ya kwenda msikitini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtaka aliyekula thomu mbichi asiwaudhi wenzake kwenye swala, na mpondaji naye harufu yake si haba.

Kijana sasa ana ndege sita. Banda limepakwa chokaa, vyombo vya maji vimekuwa viwili, na kwenye mlango ameandika kwa makaa tarehe ya chanjo iliyopita na ya ijayo. Kuku wa jirani watatu walichanjwa siku hiyohiyo. Thomu hajaiacha, anaiponda kila Jumamosi asubuhi, punje moja kwa lita. Juma lililopita jike wake wa kijivu aliachiliwa Maseno. Alinipigia simu kuniambia amefika, na nilipomuuliza anaharisha au vipi, akacheka: "Mjomba, hilo nitamuuliza daktari."