Kuikata Tabora Katikati ya Njia

Tazama mstari huu: Bagamoyo-Mpwapwa-Tabora-Ujiji. Ni njia kuu ya misafara ya karne ya 19, kutoka pwani kupitia Ugogo na Unyamwezi hadi Ziwa Tanganyika, nayo imetosha ndani ya herufi na vistari 29. Tuseme programu inakitaka kituo cha tatu peke yake. Katika lugha ya Python, mstari ukiwa umepewa jina njia, tunaandika njia[17:23] na kompyuta inatuletea Tabora. Wanaoanza kujifunza hulalamika kwamba hesabu inaanzia sifuri, kinyume cha akili ya kawaida. Lakini namba hizi hazihesabu herufi, zinapima mwendo. Msafara ulio bado Bagamoyo haujatembea hata hatua moja. Vivyo hivyo kilomita za Reli ya Kati huhesabiwa kuanzia Dar es Salaam, na Tabora iko kwenye kilomita zipatazo 840. Kufika kwenye T ya Tabora umeshaacha nyuma herufi na vistari 17. Ile 23 ni mahali pa kusimama bila kuokota kitu, ndiyo maana 23 ukitoa 17 unapata 6, urefu kamili wa jina. Excel hufanya vingine: huanza na moja, na namba yake ya pili ni urefu wa kipande, kwa hiyo hapo utaandika 18 na 6. Anayehama kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kuliangalia hilo atakata pabaya.

Hata hivyo, sifuri si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba anayekata kwa kuhesabu ameuamini urefu wa maandishi ambayo huenda hakuyaandika yeye. Karani mmoja akiandika Mpapwa, akapunguza herufi moja tu, maagizo yaleyale yatatoa "abora-", kistari kikining'inia mwishoni. Programu haitasimama wala kutoa onyo. Itaendelea na kazi, na kosa litaingia kwenye kumbukumbu kama vile ni jina la mji. Na majina ya njia hii hayajawahi kutulia: msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika huko na mwenzake Speke mwaka 1857, aliandika Kazeh pale ambapo sisi tunaandika Tabora. Ni salama zaidi kuiambia programu iifuate ile alama iliyoachwa njiani, yaani kistari: gawa mstari kila penye kistari, kisha chukua kipande cha tatu. Hapo Mpapwa haina madhara tena.

Atatokea wa kusema: basi tukate kwa alama siku zote. Hapana. Andika Dar-es-Salaam-Dodoma-Tabora, na kipande cha tatu kitakuwa Salaam. Alama nayo inahitaji ahadi, kwamba haitaonekana ndani ya jina. Kuhesabu kuna mahali pake, pale ambapo urefu umewekwa na mamlaka na haubadiliki. Namba ya Kitambulisho cha Taifa cha Tanzania ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Postikodi ina tarakimu 5, na za Mkoa wa Tabora huanza na 45. Hapo kata bila wasiwasi.

Mwingine atasema Kiswahili nacho kina mpangilio wa namna hiyo, kwa kuwa viambishi vyake vinajulikana: ondoa herufi mbili za mwanzo katika Wanyamwezi, inabaki nyamwezi, katika wapagazi, inabaki pagazi. Ni kweli, mpaka umfikie Mnyamwezi mmoja, ambaye kiambishi chake ni herufi moja tu, ukamwacha na "yamwezi". Hilo angalau linaonekana kwa macho. Lakini pitisha kanuni hiyohiyo kwenye neno wakati: inabaki kati, neno halali kabisa la Kiswahili, ambalo hakuna msomaji wa orodha atakayelitilia shaka.