Mdhamini Ambaye Hajapanda Ndege

Bonasi ya chai inapotoka, vituo vya kununulia majani kuanzia Litein hadi Mogogosiek hujaa hesabu. Mkulima anakumbuka kilo zake za mwaka mzima, anajua alicholipwa mwezi kwa mwezi, na anajua kilichokatwa kwa ajili ya mbolea na mkopo wa kiwanda. Ukimpunja shilingi mbili kwa kilo, ataona. Mzee mmoja wa upande wa Bomet, mtu wa hesabu za namna hiyo, aliniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: "Mimi sijapanda ndege hata siku moja. Chai yangu inateremka Mombasa kwa lori na kuvuka bahari kwa meli. Sasa deni la Kenya Airways limenifikiaje huku?"

Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko katika neno analolijua vizuri: mdhamini.

Katika sacco yoyote ya Kericho, ukitaka mkopo mkubwa kuliko akiba yako unatafuta wadhamini. Mdhamini hapokei hata senti. Anatia sahihi na kwenda zake, mpaka siku mkopaji atakaposhindwa. Hapo makato yanaanza kwenye akiba ya mdhamini, wala hakuna anayemuuliza kama alinufaika na mkopo ule. Mwaka 2017, Kenya Airways ilipokuwa imezidiwa kabisa, Serikali ya Kenya ilitia sahihi kama hiyo kwa dola milioni 750: milioni 525 za mkopo wa ndege za Boeing uliodhaminiwa na Benki ya Exim ya Marekani, na milioni 225 za benki za hapa nyumbani. Serikali haina shamba inalochuma. Pesa zake ni kodi, ile inayotozwa kwenye petroli ya pikipiki, kwenye sabuni na kwenye muda wa maongezi wa simu. Shirika liliposhindwa kulipa mkopo wa Exim, Hazina ya Taifa ilianza kulipa badala yake. Deni lilipanda milima hii kwa njia hiyo.

Shirika lenyewe halikuwa gonjwa siku zote. Lilianzishwa mwaka 1977, baada ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki kuvunjika, na kwa miaka mingi lilikuwa mzigo kwa Serikali. Mwaka 1996 lilibinafsishwa: KLM ya Uholanzi ikachukua asilimia 26, na Wakenya wa kawaida wakanunua hisa kwa shilingi 11.25 kila moja. Likaanza kupata faida. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2006 lilipata faida ya karibu shilingi bilioni 4.8. Watu walilionea fahari, na fahari hiyo ilikuwa na sababu.

Ili uelewe kilichofuata, fikiria kiti cha ndege kama jani bichi. Jani lililochumwa asubuhi lisipofika kiwandani siku hiyo limekwisha. Huwezi kulihifadhi ukasubiri bei ya wiki ijayo. Kiti kilichoruka kitupu kutoka Nairobi kwenda London leo hakiuzwi tena kesho. Lakini mkopo wa ndege, mshahara wa rubani na mafuta havisubiri abiria. Kwa hiyo anayeendesha shirika la ndege hana hatari kubwa kuliko kuwa na viti vingi kupita abiria, huku kila kiti kikidaiwa.

Na huko ndiko Kenya Airways ilikojipeleka. Mwaka 2012 uongozi wake ulikuwa umeshika mpango wa miaka kumi ulioitwa Mawingu, wa kutoka ndege zipatazo 34 hadi zaidi ya 100 ifikapo 2021. Wenye hisa waliombwa waongeze mtaji wa shilingi bilioni 20.7. Zilizopatikana ni kama bilioni 14.5. Mimi husimama hapo kila ninapoisoma hesabu hii. Wenye mali wenyewe walipewa nafasi ya kuuwekea mpango huo fedha zao, na karibu theluthi ya zilizotakiwa haikuja. Kiwanda cha chai kikipata jibu kama hilo kwa wanachama wake, wakurugenzi wenye busara hupunguza ujenzi. Hawaagizi mashine za kukaushia majani ya michai ambayo bado haijapandwa. Kenya Airways iliendelea, na ndege kubwa aina ya Boeing 777-300ER na 787 zikawasili kati ya 2013 na 2014, nyingi zikiwa zimebebwa na mikopo ya dola.

Miaka hiyo ilikuwa na misiba, na mashirika mengine yangetetereka pia. Agosti 2013 jengo la abiria wa kimataifa katika uwanja wa Jomo Kenyatta liliungua. Mwezi uliofuata magaidi walivamia jumba la maduka la Westgate jijini Nairobi, na nchi za Magharibi zikawaonya raia wao wasije Kenya. Mwaka 2014 Ebola ilisimamisha safari za Liberia na Sierra Leone. Mashirika ya Ghuba pamoja na Ethiopian Airlines yalikuwa yakichukua abiria walewale. Utetezi wa uongozi ulijengwa juu ya mambo haya, na yote yalitokea kweli. Lakini tazama tarehe. Katika mwaka ulioishia Machi 2013 shirika lilikuwa tayari limepata hasara ya shilingi bilioni 7.9. Uwanja ulikuwa haujaungua, na Westgate ilikuwa haijavamiwa. Ugonjwa ulikuwa ndani kabla dhoruba haijafika.

Dhoruba ilipofika, ilikuta nyumba isiyo na nguzo. Hasara ya mwaka ulioishia Machi 2015 ilikuwa shilingi bilioni 25.7, na ya mwaka uliofuata bilioni 26.2. Madeni yalikuwa yamezidi mali yote. Kulikuwa pia na mikataba ya kufunga bei ya mafuta mapema, ambayo kwa kawaida ni kinga nzuri dhidi ya bei kupanda. Kuanzia katikati ya 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka, na shirika likabaki limefungwa kwenye bei za juu wakati wengine wakifurahia nafuu. Kamati teule ya Seneti iliyoongozwa na Profesa Anyang' Nyong'o ilichunguza mwaka 2015, kisha wakaguzi wa Deloitte wakaitwa. Mwaka 2016 nafasi ya kutua Heathrow, London, iliuzwa kwa Oman Air kwa dola milioni 75. Boeing 777 tatu zikakodishwa kwa Turkish Airlines, na 787 mbili kwa Oman Air. Ndege zilizoagizwa zibebe abiria wetu zilikuwa sasa zinabeba abiria wa wenzetu.

Mpango wa uokoaji wa 2017 uligeuza madeni kuwa hisa. Serikali ikafikia asilimia 48.9, benki za Kenya asilimia 38.1, na KLM ikashuka kutoka 26.7 hadi 7.8. Waliosahaulika ni wenye hisa wadogo, walimu na wauguzi walionunua kwa akiba ya jasho. Sehemu yao ilikaribia kufutika, na kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025 hisa hizo hazikuruhusiwa hata kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi.

Sasa nirudi kwenye chai, maana jambo linalofuata mkulima wa Kericho analielewa kuliko wengi wa Nairobi. Chai yetu huuzwa Mombasa kwa dola. Shilingi ikidhoofika, dola ileile huleta shilingi nyingi zaidi, na bonasi hunenepa. Mkopo wa ndege nao ni wa dola, lakini kwake mambo hugeuka. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa shilingi 88 hivi. Mwanzoni mwa 2024 iligusa 160. Deni la dola mia moja lililohitaji shilingi 8,800 likawa linataka 16,000, ingawa hakuna aliyekopa dola hata moja zaidi.

Ndiyo maana mwaka 2023 ulikuwa na hesabu ya ajabu. Katika kazi yenyewe ya kurusha ndege, Kenya Airways ilipata faida ya shilingi bilioni 10.5. Ilipofika mwisho wa hesabu, baada ya riba na maumivu ya sarafu, ikawa hasara ya bilioni 22.7. Mwaka 2024 shilingi ilipata nguvu, na shirika likatangaza faida ya bilioni 5.4, ya kwanza tangu 2012. Palikuwa na shangwe. Nguvu hiyohiyo ya shilingi ilitajwa na KTDA, wakala wa maendeleo ya chai, kuwa miongoni mwa sababu za bonasi kushuka mwaka 2025, ambapo wastani wa dola kwa mwaka wa mauzo ulitoka shilingi 144 hadi 129, na wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wakaumia kuliko wenzao wa mashariki.

Kwa hiyo sikuungana na waliosema ndege imepona. Faida iliyoletwa kwa sehemu kubwa na bei ya dola inaweza kuondoka na bei ya dola. Na hata bila dola, miezi sita ya kwanza ya 2025 ilileta hasara ya shilingi bilioni 12.15, kwa sababu Boeing 787 tatu kati ya tisa zilikuwa chini zikisubiri injini. Mikopo yake haikusubiri.

Nchi inahitaji shirika la ndege, na nasema hivyo nikijua maua ya Naivasha na watalii wa Mara. Ninachokataa ni sahihi ya mdhamini inayotiwa bila mdhamini kusomewa mkataba. Katika sacco, hata jirani yako wa ukoo hawezi kukuandika kuwa mdhamini bila wewe kuona kiasi, muda na sababu. Kwa deni la dola milioni 750, mchumaji wa Kapkoros alistahili angalau heshima hiyo.

Serikali imekuwa ikimtafuta mwekezaji wa kuingia Kenya Airways, na mwekezaji yeyote makini atauliza nani anabeba madeni ya zamani. Msomaji wangu wa Kericho na Bomet, mbunge wako akija kwenye mkutano wa bonasi, usimuulize kuhusu bei ya majani peke yake. Muulize kama Hazina itadhamini tena mkopo wa ndege, ni wa sarafu gani, na nani alikadiria idadi ya abiria watakaoulipa. Mwambie akuletee majibu kwa maandishi kabla hajapiga kura.