Picha Moja, Bahati ya Watu Wawili

Januari 2020 mvua ilizidi kipimo Maasai Mara. Mto Talek ulifurika, maji yakawa rangi ya udongo na mkondo wake wa kutisha. Ukingoni walifika duma watano, madume watupu, kundi lililojulikana Mara nzima kwa jina la Tano Bora. Walitaka kwenda ng'ambo. Wakakagua maji hapa, wakasogea pale, wakarudi nyuma, na saa zikapita hivyo hivyo. Mara kiongozi akajitosa, wenzake wakamfuata. Mpiga picha Buddhilini de Soyza alikuwa tayari, kidole kwenye kitufe. Picha yake ya nyuso zile zilizokunjamana juu ya maji yanayofoka ilipewa sifa ya juu mwaka 2021 katika mashindano ya picha za wanyamapori ya Natural History Museum, London. Duma wenyewe waliibukia kiasi cha mita 100 kutoka walipoingilia, wakajikung'uta, wakaenda zao kuwinda.

Mtu akiiona picha hiyo husema, “Huyu mama ana bahati!” Anayo, tena kubwa. Ila bahati ya namna hii ina tabia zake, na ya kwanza ni ubahili. Kuanzia mwaka 2010 watafiti walifunga kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 huko Serengeti, zipige picha zenyewe kila zinapohisi kitu kinapita mbele yake. Kufikia 2013 zilikuwa zimekusanya mafungu ya picha milioni 1.2. Yaliyokuwa na mnyama hayakuzidi sana robo. Mengine yote ni majani yaliyotikiswa na upepo na kivuli kilichohama na jua. Na hizo ni kamera zisizosinzia, zisizoona njaa, zisizoomba gari lisimame ili zikachimbe dawa.

Sasa mgeni aliyelipia siku chache mbugani anawezaje kurudi na chui juu ya mti, simba na watoto wake, na nyumbu wakivuka mto, vyote katika safari moja? Jibu limekaa kiti cha mbele, upande wa usukani.

Dereva mzoefu hamtafuti chui kwa kumtazama chui. Anatazama swala waliogoma kula, wote wamegeuza nyuso upande mmoja. Anasikiliza kanga wanaopiga kelele vichakani na nyani anayebweka juu ya mgunga. Akiona tumbusi wanazunguka tu angani, haendi mbio. Wakianza kushuka mmoja mmoja, miguu imetangulia, anajua mzoga upo chini. Akifika hasimami popote tu. Anazunguka mpaka jua limkae mgeni mgongoni, anakadiria mnyama atatokea wapi, anazima injini ili lenzi isitetemeke, kisha anapachika kifuko cha mchele au maharage dirishani mgeni aegemeze kamera yake. Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya kidole kimoja, na mwenye kidole ndiye anayesifiwa.

Mara chache sifa humfikia anayestahili. Septemba 2019, huko huko Mara, mwongoza watalii Antony Tira aliona mtoto wa pundamilia mwenye mwili wa rangi ya kahawia iliyokolea uliotapakaa vitone vyeupe, pasipo milia kama ya mama yake. Mwanzoni alidhani kuna mtu amempaka rangi. Ilikuwa hitilafu ya kuzaliwa nayo katika mpangilio wa rangi ya manyoya. Picha za mtoto yule zilizunguka dunia nzima, na popote zilipofika zilibeba jina la mwongoza watalii huyo: Tira. Laiti sifa ya namna hiyo ingekuwa kawaida!

Hapa kwetu Tanzania picha imewahi kufanya kazi nzito kuliko kupamba ukuta. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima mwenye haya, anayeishi juu sana mitini, aitwaye kipunji. Wenyeji walimjua, sayansi haikumjua. Mwaka uliofuata timu nyingine ikamkuta katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Kwa desturi, kiumbe kipya hutangazwa baada ya mmoja wao kuuawa na kuhifadhiwa makumbusho. Kipunji alitangazwa mwaka 2005 katika jarida la Science kwa ushahidi wa picha, bila mnyama yeyote kupigwa risasi. Baadaye mmoja alipatikana amekufa katika mtego wa mkulima, na uchunguzi wake ukaonyesha kwamba anastahili jenasi yake peke yake, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika tangu 1923. Nikiulizwa picha yenye bahati kuliko zote nchini, nitataja hiyo, ingawa ukiitazama kwa urembo ni ya kawaida tu.

Raha ya kupiga picha haidai mnyama adimu. Kwenye bwawa la viboko la Mikumi, watu wote wakiwa wameelekeza simu kwa viboko ambao kazi yao ni kulala, mimi nilinaswa na mdiria, yule mwenye manyoya meusi na meupe. Husimama hewani, mabawa yakipigapiga, kichwa kimetulia tuli kama kimegandishwa. Kila nilipobonyeza nilipata maji matupu, au mkia. Dereva aliniangalia kwa muda, akacheka: “Bosi, achana na mabawa. Tazama mdomo.” Nikautazama. Kabla ya kupiga mbizi mdomo huelekea chini wima na mwili mzima hukakamaa kidogo. Ukibonyeza hapo, hujachelewa. Nilipompata, maji yameruka pande zote na kisamaki kinang'aa, nilipiga ukelele uliowaamsha viboko, na dereva alishangilia kuliko mimi.

Furaha hiyo ina upande wake mchungu, na wapiga picha tuna sehemu yetu. Utafiti wa Femke Broekhuis uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika maeneo ya Mara yenye magari mengi ya watalii, duma jike hukuza wastani wa mtoto 0.2 kwa kila uzao. Kwenye utalii mdogo ni 2.3. Julai 2025 video za watalii walioshuka garini kule Kogatende, Serengeti, na kuwazibia nyumbu njia ya mtoni zilisambaa mitandaoni. Lawama nyingi hutupiwa madereva, na wapo wanaostahili. Lakini nani humwambia dereva “sogea kidogo, kidogo tu,” huku dereva akiwaza bahashishi ya siku ya mwisho? Mteja anayemsukuma dereva wake avunje sheria hana haki ya kujiita mpenda wanyama, hata picha zake zikishinda tuzo.

Msimu wa kiangazi ukifika, nendeni. Ada ya mwananchi ni ndogo mno ukilinganisha na anayolipa mgeni, na anayesafiri kwa basi kutoka Morogoro kwenda Iringa hukatiza Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, akaona tembo na twiga kutoka kiti chake. Lenzi ya mamilioni si lazima. Simu ikiwekwa vizuri kwenye jicho la darubini hutoa picha ya kuridhisha. Kaeni garini, zimeni injini, mpeni mnyama nafasi. Na mkiipata ile picha ya kusambaza kwa ndugu na marafiki, muulizeni dereva kama anaridhia, kisha andikeni jina lake chini yake, pembeni ya lenu.